Kabla ya Kununua Vidonge vya Mafuta ya Samaki kwa Ajili ya Moyo

Katika maduka ya dawa ya Dodoma, chupa za mafuta ya samaki hupangwa mahali ambapo mteja hawezi kuzikosa, nyingi zikiwa na picha ya moyo. Bei yake si ndogo, na hutumika mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo inafaa mtu ajiridhishe kwanza.

Anza na vipimo. Pima shinikizo la damu, sukari na mafuta katika damu, na maabara ikuambie mapema kama unapaswa kufika bila kula. Katika majibu ya mafuta, tafuta trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta ya damu, kwa sababu hizo ndizo ambazo omega-3, yaani mafuta maalumu yaliyomo katika samaki, huzishusha kwa uhakika, tena kwa dozi kubwa inayosimamiwa na daktari. Haishushi lehemu mbaya. Wakati mwingine huipandisha kidogo.

Ukishajua vipimo vyako, linganisha hali yako na ya watu waliochunguzwa. Utafiti wa VITAL nchini Marekani ulifuatilia watu 25,871 kwa takribani miaka 5, na waliomeza gramu 1 kwa siku hawakupata nafuu ya maana katika jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vitokanavyo na magonjwa hayo. Utafiti wa ASCEND wa Uingereza, uliohusisha wagonjwa wa kisukari 15,480, ulifikia jibu lilelile mwaka 2018. Mwaka huohuo, REDUCE-IT ilionyesha kwamba gramu 4 kwa siku za EPA iliyosafishwa, aina mojawapo ya omega-3, zilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa ya damu kwa asilimia 25, lakini kwa wagonjwa wenye trigliseridi za juu waliokuwa tayari wanatumia dawa za kushusha lehemu. Baadhi ya wataalamu walihoji mafuta ya madini waliyopewa wagonjwa wa kundi la kulinganisha, wakihofia kwamba huenda yaliwadhuru na kuifanya EPA ionekane bora, na mwaka 2020 utafiti wa STRENGTH, uliotumia gramu 4 za mchanganyiko wa EPA na DHA, aina nyingine ya omega-3, haukuona faida. Kwa maoni yangu, mtu mwenye afya asiye na tatizo la trigliseridi hana sababu ya kutumia fedha hapa.

Ukiwa bado unataka kununua, geuza chupa usome nyuma. Maandishi makubwa ya mbele husema miligramu 1,000, lakini hiyo ni mafuta yote. Kidonge cha kawaida huwa na EPA 180 na DHA 120, yaani 300 tu. Kufikia gramu 4 za EPA na DHA kwa vidonge hivyo kungehitaji 13 au 14 kila siku, jambo ambalo sishauri mtu alijaribu. Angalia pia kama imeandikwa mafuta ya ini la samaki, kwa kuwa hayo huwa na vitamini A nyingi na hayamfai mjamzito bila ushauri wa daktari.

Mwambie mfamasia dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Dozi kubwa za omega-3 zimehusishwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kwa hiyo mwenye historia ya tatizo hilo amwone daktari kwanza. Dawa za presha zisiachwe eti kwa sababu vidonge vya samaki vimeanza.

Njia iliyo rahisi zaidi ni sahani yenyewe: samaki mara 2 kwa wiki. Perege wa Mtera ni chakula kizuri, ila hana mafuta mengi. Kwa omega-3, dagaa na vibua humzidi. Dagaa wakavu waoshwe vizuri, na wakiwa wa chumvi waloweke na kumwaga maji hayo, kisha wapikwe kwa nyanya na mafuta kidogo. Kuwazamisha katika mafuta ya alizeti hadi wawe kama bisi ni kitamu, nakiri, lakini si kwa ajili ya moyo.

Kwa aliyekwisha kununua, joto la Dodoma huharibu mafuta haya haraka, kwa hiyo chupa ikae pakavu, gizani, mbali na jiko. Ukikata kidonge kimoja kikanuka vibaya kuliko samaki wa kawaida, chupa hiyo usiendelee nayo.