Mfarishi wa vitenge: wapi utumie mashine ya kudarizi, wapi ubaki na cherehani

Usiku wa Juni na Julai Tabora kuna baridi ya kweli, na ndipo wateja huulizia mfarishi, au blanketi la viraka kama wengi wanavyoliita. Fundi mwenye mashine ya kudarizi hushawishika kuibebesha kazi yote: kiraka, kijazio na kitambaa cha nyuma vinabanwa pamoja kwenye fremu, vinashonwa, kisha vipande vinaunganishwa. Piga hesabu kwanza. Fremu ya mashine nyingi za nyumbani ni sm 13 kwa 18, kwa hiyo kiraka hakizidi sm 12.5. Mfarishi wa sm 150 kwa 200 utataka viraka 12 kwa 16, yaani 192. Kila kimoja kikichukua dakika 15, hizo ni saa 48 za umeme, na bado hujaunganisha.

Njia bora ni kuchanganya. Viraka 48 vya sm 25 (6 kwa 8) vishonwe kwa cherehani ya kawaida, hata ya miguu, na 12 kati yake tu vidariziwe kabla ya kuunganishwa. Darizi 12 za dakika 15 ni saa 3.

Vitambaa

Kwa juu nunua kitenge cha pamba chenye upana wa sm 110, yadi 5, au kusanya mabaki kwa mafundi. Kwa nyuma yadi 5 nyingine, na nusu mita ya ukingo. Nyuma unaweza kutumia marekani, yaani pamba nzito isiyopaushwa, kitambaa kilekile kilichokuwa kama fedha kwenye misafara ya Tabora na Ujiji karne ya 19. Hadi leo huvumilia kufuliwa.

Mabaki yapime kwa moto. Chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, kitambaa cha plastiki huyeyuka na kuacha punje ngumu. Usivichanganye, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa na kile kingine hakirudi, na mfarishi utakunjamana. Kwa sababu hiyohiyo fua vyote kabla ya kukata, wanga wa dukani utoke. Kisha sugua kila kitenge kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Chekundu na cha nili ndivyo vinavyochuja zaidi. Kikiendelea kuchuja baada ya kufuliwa mara tatu, kiache.

Kukata

Viraka 36 vya kawaida: sm 27 kwa 27, ambazo ni sm 25 na sm 1 ya mshono kila upande. Fuata mwendo wa nyuzi. Kiraka kilichokatwa mshazari huvutika na hakitakutana na mwenzake.

Viraka 12 vya kudarizi vikate sm 35 kwa 35. Usivikate sm 27 kwa kubana matumizi. Darizi huvuta kitambaa ndani, na fremu inahitaji kitambaa kilichoizidi pande zote. Utavipunguza baadaye.

Kudarizi

Kunja kiraka mara mbili, piga pasi, weka alama ya katikati kwa chaki. Chini yake weka kitambaa cha kudarizia, kile cha kuimarisha kiraka kinachochanika kwa mkono, kisha vibane vyote viwili kwenye fremu vikaze bila kuvutwa. Ukikivuta kitenge baada ya kukaza fremu, kitarudi kikitoka na ua litazungukwa na mikunjo. Gazeti halifai: wino wake hubaki kwenye kitambaa.

Tumia sindano namba 75/11, uzi wa kudarizi wa polista namba 40 juu, na mwembamba zaidi kwenye bobini. Chagua michoro ya mistari. Ua lililojazwa uzi tele hupendeza kwenye kola ya shati, lakini kwenye mfarishi huwa kama kadibodi na humkwaruza anayelala. Mchoro wa mishono 9,000 kwa mwendo wa mishono 600 kwa dakika ndio hizo dakika 15, ukiacha muda wa kubadili uzi.

Uzi ukivurundikana chini, wengi huilaumu bobini. Mara nyingi kosa liko juu: uzi ulipitishwa mguu ukiwa chini, ukashindwa kuingia kati ya visahani vinavyoubana. Inua mguu, pitisha uzi upya tangu mwanzo. Umeme ukikatika, usitoe kitambaa kwenye fremu. Ukipoteza nafasi yake hutairudisha sawasawa. Ndiyo maana ni vizuri kuandika pembeni umefika rangi ya ngapi na mshono wa ngapi.

Ukimaliza chana kitambaa cha chini, piga pasi kwa upande wa nyuma, halafu ukate sm 27 ukipima kutoka katikati ya mchoro.

Kuunganisha

Shona safu 8 za viraka 6, urefu wa mshono mm 2.5. Mishono ya safu ya kwanza ilazwe kulia kwa pasi, ya pili kushoto, ya tatu kulia. Safu zikikutana, mishono hupandana bila kurundikana, na pembe za viraka hukaa sawa zenyewe. Ukiilaza yote upande mmoja, kila njiapanda itakuwa na nundu ya kuvunja sindano.

Kijazio na bandi

Kwa Tabora, blanketi jembamba lililokwisha fuliwa linatosha, au pamba ya shuka isiyozidi unene wa sm 1. Sufi iliyolegea hukusanyika pembeni ikifuliwa. Kwa Kigoma, ambako joto la ziwa halimwachi mtu ajifunike kizito, weka shuka kuukuu tu.

Tandika kitambaa cha nyuma (sm 160 kwa 210) sakafuni, uso chini, ukibane kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Juu yake kijazio, kisha viraka. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda pembeni, mistari isiachane zaidi ya kiganja. Hapa ndipo watu hufanya haraka, na hapa ndipo mikunjo ya nyuma huzaliwa: meno ya cherehani huvuta tabaka la chini, la juu huzuiwa na mguu likabaki.

Sasa shona juu ya mistari ya viungo kwa sindano namba 100/16, mshono wa mm 3.5, ukianza na mstari wa katikati. Legeza kidogo mgandamizo wa mguu. Mwenye muda ashone kwa mkono, kwa kastabini na uzi imara, mishono ya mm 3. Mfarishi wa mkono hulainika kuliko wa mashine, na anayelipia wiki tatu za kazi hiyo anapata thamani yake.

Ukingo

Punguza kilichozidi pembeni, kata vipande 8 vya upana wa sm 6, viunganishe, vikunje katikati. Shona upande wa mbele, geuzia nyuma, malizia kwa mkono. Fumua bandi. Ukiufua, usiuanike kwenye kamba moja. Maji huuvuta na mishono hukatika. Tandaza juu ya kamba mbili au tatu, kivulini, upande wa nyuma ukiwa juu.