Somo: Printa ya nyumbani inalia wino umeisha na wakati umo, au inakataa kuvuta karatasi. Anzia hapa kabla hujaita fundi

Wakuu habari za leo. Hili somo niliahidi tangu mwezi uliopita nikawa nalipiga danadana, leo naliandika lote maana jana tu kuna mama kaniletea printa imefungwa kwenye kanga, kapanda nayo bajaji kutoka Pongwe, anasema imekufa, na kuna mtu alishamwambia anunue hedi mpya, yaani ile sehemu inayorusha wino kwenye karatasi. Nikafungua, nikamulika na tochi ya simu, dakika kumi inaprinti. Inaniuma kwa kweli, maana hela ya hedi mpya ni karibu na hela ya printa nyingine na yule mama anachapa mitihani ya tuisheni, ndo anapopatia mkate.

Kitu kimoja mkishike kabla ya yote: printa haina macho. Haioni wino na haioni karatasi. Wino inauhesabu, kila tone inalorusha inatoa kwenye hesabu yake, na karatasi inaijua kwa kijilimi kidogo cha plastiki ambacho karatasi inakisukuma ikipita. Basi. Kwahiyo ikikwambia kitu, ujue inakupa hesabu, hali halisi unaiangalia wewe mwenyewe.

Hapa naongelea zaidi printa za tenki, zile unazomiminia wino wa chupa mwenyewe, Epson L3110, L3150, L3250 na ndugu zake, na Canon zile za G, maana ndo zimejaa majumbani. Za katriji nitazigusa kidogo.

WINO

Hatua ya kwanza, achana na kompyuta, nenda kwenye tenki. Mulika kwa pembeni uone wino umefika wapi, kuna mstari wa juu na mstari wa chini. Ile picha ya kwenye skrini inayoonyesha wino umebaki robo ni makisio tu. Ukijaza tenki halafu usiiambie printa kwamba umejaza, itaendelea kulia wino umeisha na wakati tenki limejaa. Ukifanya kinyume chake, yaani ukabonyeza kwamba umejaza na wakati ulitia nusu chupa, itakaa kimya inakuonyesha umejaa huku tenki linakauka, na hii ndo mbaya zaidi, maana wino ukishuka chini ya ule mstari wa chini hewa inaingia kwenye mipira inayopeleka wino kwenye hedi, na kuitoa hiyo hewa ni kazi. Mimi nashauri ukijaza, jaza mpaka mstari wa juu kila mara, halafu ndo uiambie printa. Hapo hesabu yake na tenki vinakuwa sawa.

Hatua ya pili, toa karatasi ya majaribio. Kwenye kompyuta fungua mipangilio ya printa, nenda sehemu ya Maintenance, chagua Nozzle Check. Itachapa vimistari vya rangi kama ngazi. Kama vimetimia vyote hedi yako ni nzima, tatizo liko kwingine. Kama kuna mapengo, yale matundu ndo yameziba au yameshika hewa.

Hatua ya tatu, safisha hedi, lakini kwa adabu. Mara moja, toa majaribio tena. Mara ya pili, majaribio. Ya tatu, majaribio. Hapo simama. Zima printa, iache masaa 12 bila kuigusa. Najua mtu ana haraka, mimi mwenyewe nilikuwa na haraka, mwaka nilioanza hizi kazi nilikuwa na mitihani ya shule moja inatakiwa saa moja asubuhi, nyeusi ikawa haitoki, nikasafisha mara tisa mfululizo usiku ule, wino wa njano nikaumaliza kabisa na nyeusi bado haitoki. Nikalala nimekata tamaa. Alfajiri nikawasha, karatasi ya kwanza ikatoka nyeusi imekolea bila mimi kufanya lolote. Ile hewa ilihitaji muda wa kupanda tu. Wino wote niliomwaga usiku haukusaidia kitu.

Na huo wino wa kusafishia hauyeyuki, unaenda chini ya printa kwenye sponji la kunyonya wino mchafu. Printa inahesabu na hilo pia, nitalirudia kwenye maswali maana najua litaulizwa.

Za katriji kama HP DeskJet: hedi iko kwenye katriji yenyewe, ile sehemu ya chini inayong'aa. Kwahiyo ikigoma, itoe, weka tishu iliyolowa maji ya uvuguvugu, igandamize taratibu sekunde kadhaa mpaka uone wino unaacha alama kwenye tishu, halafu kausha vile vipande vya shaba na urudishe. Ukijaza kwa sirinji itaendelea kusema wino mdogo, hilo kubali tu, bonyeza OK uendelee. Canon za katriji zikionyesha E13 au E16, shikilia kitufe cha Stop sekunde 5 na kuendelea, itaacha kuhesabu wino wa hiyo katriji na itachapa. Ila kuanzia hapo macho ni yako.

KARATASI

Huku ndo watu wanateseka zaidi na ndo kwepesi zaidi. Zima, chomoa kwenye umeme, toa karatasi zote, mulika lile tundu la nyuma karatasi inapoingilia. Usiangalie juujuu, inama kabisa. Mimi nimeshatoa humo pini za nywele, vifuniko vya kalamu, penseli za rangi, shilingi hamsini. Ya huyu mama wa jana ilikuwa mbegu ya ubuyu. Imekaa upande wa kulia karibu na rola, ile raba ya kuzunguka inayovuta karatasi, imeganda na sukari yake, karatasi inaingia, upande wa kushoto unavutwa vizuri, kulia unazuiwa, pembe inajikunja kama sambusa halafu printa inasema karatasi imekwama. Mjukuu wake alikuwa anakula ubuyu anaangalia bibi anachapa. Nikaitoa kwa kibano cha nyusi. Hicho ndo kilitaka kununuliwa hedi mpya! Ukimaliza kuchapa funika printa na kitambaa, tafadhali.

Kama hakuna kitu ndani, geukia karatasi zenyewe. Sisi wa pwani, Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, karatasi zinavuta unyevu wa hewa hasa masika, rimu ukishaifungua ukaiacha wazi mezani wiki moja zinakuwa laini na zinashikana. Kuna kipimo changu, chukua kama karatasi kumi shika upande mmoja zitikise. Kavu zinalia kacha kacha na zinasimama. Zenye unyevu zinalala kama chapati na hazilii. Hizo usihangaike nazo, fungua rimu mpya ujaribu kabla hujagusa kingine chochote. Rimu iliyobaki irudishe kwenye kava lake, funga na mfuko wa plastiki, ilaze flati, usiisimamishe. Na kabla ya kuweka, zipepee kwa kidole gumba kama unachanganya karata, kisha zigonge mezani zilingane. Usijaze mpaka pomoni, hizi ndogo hata kama wameandika zinabeba 100 mimi naweka 40 au 50. Kishikizo cha pembeni kiguse karatasi tu, kikibana sana haziingii, kikiwa na nafasi zinaingia upogo.

Kama karatasi ni kavu na bado rola inazunguka bure, unaisikia kabisa inasugua krr krr halafu taa ya karatasi inawaka, basi rola ina vumbi. Ile raba ikiota vumbi la karatasi inakuwa inateleza kama sabuni. Chukua kitambaa kisichotoa manyoya, kilowanishe maji ya kawaida, kikamue mpaka kisidondoshe, kizungushe kwenye ncha ya rula ufikie rola. Futa sehemu unayoiona, washa, tuma kazi bila karatasi ili rola izunguke kidogo, zima, chomoa, futa upande mwingine. Rudia mpaka kitambaa kitoke kisafi. Acha ikauke. Spriti mimi siiweki kwenye raba, inasafisha leo na kesho raba imekakamaa.

Karatasi iliyokwama usiinyofoe kwa hasira. Shika kwa mikono miwili, vuta taratibu sawasawa. Ikichanika, usizitupe, zipange mezani vipande vyako uijenge ile A4 uone kama kuna kona imekosekana. Kipande kikubwa kama ukucha kikibaki humo kinaegemea kile kijilimi, na printa itakwambia karatasi imekwama mwezi mzima na wewe huoni kitu.

MASWALI

Swali, mwalimu wa Muheza: Fundi shikamoo. Printa yangu L3110 niliiacha likizo nzima bila kuitumia, sasa nyeusi inatoka na mistari myeupe katikati, tenki zote ziko juu ya nusu. Nimeshasafisha mara mbili. Nifanyeje, Jumatatu nina mtihani?

Marahaba mwalimu. Bado una mara moja, safisha, toa majaribio, halafu zima ulale. Masaa 12 yakipita jaribu tena. Ikigoma kabisa kuna usafishaji mkubwa unaitwa Power Cleaning, huo unakula wino sana, usiuguse kama kuna tenki liko chini ya theluthi moja, utavuta hewa uharibu zaidi. Wewe wa kwako unatosha lakini fanya wa mwisho. Na likizo ijayo mwachie mtu nyumbani achape ukurasa mmoja wa rangi kila wiki.

Swali: Mkuu yangu taa mbili nyekundu zinapokezana kuwaka na haifanyi lolote, kuna kijana mtaani anasema anairiseti kwa elfu kumi na tano, nimpe?

Kama ni Epson ya tenki na zinapokezana, mara nyingi ni hesabu ya lile sponji la wino mchafu imefika mwisho. Kijana anaweza kuiriseti kweli na itawaka. Ila muulize swali moja, sponji unabadilisha au unafuta namba tu? Akifuta namba tu sponji linabaki limejaa, siku moja utakuta wino umetambaa mezani mpaka kwenye zulia. Ibadilishwe sponji au angalau litolewe lioshwe na likaushwe vizuri, ndo hesabu ifutwe.

Swali, kutoka Mombasa: Kaka hii yangu haikatai kuvuta, inavuta tano kwa mpigo. Rola nimesafisha mpaka inang'aa.

Hapo rola haina kosa ndugu yangu, ni unyevu wa hapo kwenu. Weka karatasi za rimu mpya, kumi tu, uone. Kama zinaingia moja moja jibu umelipata. Kama hata hizo zinaingia kwa mpigo, kuna kijipande cha raba kinachotazamana na rola, kazi yake ni kuzuia ya pili isifuate, kikilika ndo inakuwa hivyo. Hicho kinabadilishwa.

Swali: Nina wino mweusi wa Canon ya G umebaki, naweza kutia kwenye Epson L3250?

Usitie kabisa. Mweusi wa Canon za G ni wa chembechembe (pigment), na Epson hiyo inatumia wino namba 103 ambao wote ni wa rangi iliyoyeyuka (dye), hata mweusi. Hedi yake haikutengenezwa kwa zile chembe. Chupa ya 103 ina mililita 65, inakaa muda mrefu, nunua hiyo. Na ukiwa unamimina soma herufi kwenye tenki kabla, nimeshapokea mbili mwaka huu zimetiwa bluu kwenye nyeusi usiku umeme umekatika.

Swali: Nimehamia Dodoma, printa ilikuja kwa basi kwenye buti, sasa rangi zote hazitoki na chini kumelowa wino. Ni L220 ya zamani.

Pole dada. Ilisafiri imelala ubavu hiyo. Futa wino wa nje, iweke mahali pa usawa, halafu angalia pembeni kwenye tenki kuna kiswichi cha kusafirishia, kama kimefungwa wino haupiti hata usafishe mwaka mzima. Kigeuze upande wa kuchapa, iache mpaka kesho bila kuiwasha, ndo utoe majaribio.

Mwalimu wa Muheza tena: Fundi nimeamka nimewasha, nyeusi imetimia ngazi yote! Ila njano ina pengo moja dogo. Nisafishe tena?

Usisafishe mwalimu. Mtihani wako ni mweusi, chapa.