Somo: Kupitisha nyaya za spika na kebo ya video ndani ya ukuta

Ukuta ukishapigwa plasta na rangi, kurekebisha waya mmoja ni kubomoa upya. Kwa hiyo kubwa katika somo hili ni moja: usifukie kebo, fukia bomba. Waya mzuri wa spika utakaa miaka mingi bila kupitwa na wakati, lakini video haitulii. HDMI, yaani kebo ya kupeleka picha na sauti kwenye runinga, ya mwaka 2017 ilifika gigabiti 48 kwa sekunde, na ya 2025 imepanda hadi 96. Kebo unayoiweka leo utaitoa siku moja, upende usipende.

Hatua ya 1: Chora njia. Weka alama mahali pa runinga, ampu (kikuza sauti) na kila spika. Pima kwa kufuata njia yenyewe, kupanda, kushuka na kona zote, kisha ongeza angalau mita moja kila upande. Njia ikienda sambamba na nyaya za umeme wa nyumba, acha kama sentimita 30 katikati. Ikibidi zikutane, zipishane kwa pembe mraba. Kamwe zisiwe bomba moja wala boksi moja. Na usichimbe mfereji kwenye nguzo au boriti ya zege.

Hatua ya 2: Chagua waya. Waya wa spika uwe shaba tupu. Kuna unaouzwa kwa bei rahisi ambao ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, uache. Kwa spika ya omu 8 iliyo umbali wa mita 15, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha: kwenda na kurudi ni mita 30, ukinzani wake kama omu 0.34, chini ya asilimia 5 ya ile ya spika. Mbali zaidi ya hapo, au spika ikiwa ya omu 4, chukua 2.5. Ganda la kebo liwe limeidhinishwa kupita ndani ya ukuta, kwa sababu ya moto. Marekani utaona limeandikwa CL2 au CL3.

Hatua ya 3: Laza bomba. Hapa ndipo wengi huharibu. Kichwa cha HDMI pamoja na ganda lake kina upana wa kama sentimita 2, hivyo bomba la milimita 20 halikipitishi. Weka la 32 au zaidi. Kona kali za dukani ziache. Kunja bomba taratibu kwa springi ili lipinde kwa upana. Kona zikizidi mbili kati ya boksi na boksi, ongeza boksi njiani. Lainisha midomo ya bomba kwa tupa, maana ukingo mkali huchuna ganda la kebo, kisha izibe kwa tepu kabla ya plasta.

Hatua ya 4: Vuta. Jaribu kebo ya HDMI ikiwa bado sakafuni, picha ikiwa kwenye ubora wa juu kabisa. Zaidi ya mita 5 hivi, kwa kasi kubwa, tumia ya nyuzi za mwanga, na uangalie mwelekeo: upande mmoja ni wa kifaa, mwingine wa runinga. Ukiigeuza, hupati picha. Funga kamba kwenye mwili wa kebo, si kwenye kichwa. Mmoja avute, mwingine alishe. Vuta pamoja na kamba ya pili, ibaki humo kwa siku zijazo.

Hatua ya 5: Malizia. Menya kama milimita 10, sokota nyuzi zikaze, ingiza zote kwenye tundu la bamba la ukutani. Uzi mmoja ukichomoza na kugusa jirani yake unaweza kuunguza ampu. Halafu, ampu ikiwa haijaunganishwa, gusisha betri ya volti 1.5 kidogo tu kwenye ncha za waya, chanya kwa nyekundu. Mtu aliye kwenye spika atasikia "tap" na kuona koni ya besi ikiruka mbele. Ikirudi nyuma, waya umegeuzwa.

Maswali ya wanachama

*Fundi, naweza kukata kichwa cha HDMI, nikapitisha kebo, kisha nikakirudisha?*
Hapana. Nyuzi zake ni nyembamba na mpangilio wake ni wa kiwandani. Bomba likiwa jembamba, tafuta kebo ya mwanga yenye kichwa kinachochomoka, au pitisha Cat6 (kebo ya mtandao) na kuweka kigeuzi cha HDMI kila upande.

*Waya wa umeme wa runinga nao upite humo humo?*
Usithubutu. Ule waya laini haukutengenezwa kufichwa ukutani. Fundi umeme aliyesajiliwa akuwekee soketi nyuma ya runinga kwa njia yake.

*Sabufa inavuma hata muziki ukiwa umezimwa.*
Chomeka sabufa na ampu kwenye soketi moja kwanza. Mvumo ukiisha, tatizo ni ethi (waya wa ardhini) mbili tofauti. Usikate ethi kamwe.

*Spika zote zinalia, lakini nikikaa katikati besi inapotea.*
Moja imegeuzwa chanya na hasi, koni zinasukumana kinyume. Rudia jaribio la betri kwa kila spika, ubadilishe iliyo tofauti na wenzake.