Namna ya Kuandika Tafakuri ya Filamu Fupi Uliyoitengeneza Ukiwa Mwanafunzi

Mwanafunzi anayekamilisha filamu yake fupi, awe Arusha au Moshi, kwa kawaida hudaiwa na mkufunzi wake kitu kingine zaidi ya filamu yenyewe, nacho ni kurasa chache zinazoeleza filamu hiyo imefaulu wapi na imekosea wapi. Kurasa hizo mara nyingi huandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, na ndiyo maana hufanana kama mapacha: picha zilikuwa nzuri, sauti ilikuwa na changamoto, muda haukutosha, kikundi kilishirikiana vizuri. Nimesoma nyingi za namna hiyo, na moja niliiandika mwenyewe. Hazina uongo ndani yake, lakini ukiziondolea jina la filamu huwezi kujua zinazungumzia filamu ipi, na aliyeziandika hapati humo chochote cha kumsaidia siku atakaposhika kamera tena.

Njia nitakayoieleza inadai jambo moja tu, ingawa jambo hilo lina kazi: kila ubora na kila udhaifu utakaoutaja, uufuate nyuma mpaka uufikie uamuzi uliouzaa, yaani nani aliamua nini na katika hatua gani ya kazi. Kwa kuwa maelezo ya aina hii hayaeleweki bila mfano, nitaitumia filamu yangu ya mwanafunzi, ya dakika 11, inayomhusu kijana anayetumwa na bibi yake kutoka Kibosho kwenda kuuza ndizi katika Soko la Mbuyuni mjini Moshi ili zipatikane fedha za dawa.

Kuitazama kabla ya kushika kalamu

Usiandike siku uliyomaliza kuhariri. Siku hiyo bado unaikumbuka kila shoti, yaani kila kipande kilichopigwa kwa mkupuo mmoja, pamoja na jasho lililotumika kuipata, na unasikia maneno ambayo mtazamaji hayasikii, kwa sababu tu wewe umeshayakariri. Iache filamu wiki moja kama ratiba inaruhusu, au angalau siku mbili, kisha itazame mara tatu kwa namna tatu tofauti.

Mara ya kwanza itazame mfululizo bila kuisimamisha, ukiandika tu dakika na sekunde za mahali ulipochangamka, ulipochoka au ulipoona aibu; sababu utazitafuta baadaye. Mara ya pili zima sauti kabisa, kwani hapo ndipo utakapojua kama picha zinasimulia au zinayasindikiza maneno tu. Katika filamu yangu, kuanzia dakika ya 4 hadi ya 6 hapakuwa na cha kutazama isipokuwa watu wawili waliokaa kwenye benchi wakifumbua na kufumba midomo, na katika wiki tatu za uhariri sikuwahi kuliona hilo. Mara ya tatu ipe skrini mgongo na usikilize.

Yote unayoyaona yaandike katika daftari lenye safu nne: muda, kilichotokea, alichopata au alichokosa mtazamaji, na uamuzi uliosababisha. Safu ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayotenganisha kasoro na jambo lisilo na madhara. Kusema kwamba kamera ilitikisika hakutoshi. Kamera yetu ilitikisika kijana alipokuwa akikimbia kati ya meza za mitumba, na hapo ilimfaa; ilipotikisika tena bibi akiwa amekaa kimya jikoni, ilimwondoa mtazamaji kwenye uso wa bibi wakati ambao uso huo ndio uliobeba habari yote.

Kuufuata udhaifu mpaka kwenye chanzo chake

Katika filamu nyingi za wanafunzi udhaifu mkubwa uko kwenye sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, hata hudhani imekusudiwa, lakini asiposikia maneno mawili matatu mfululizo hukata tamaa na kuanza kuzungumza na jirani yake. Onyesho letu la sokoni lilikuwa na kosa la namna hiyo. Kijana na mnunuzi wa ndizi wanabishana kuhusu bei, jirani yao kuna mashine ya kusaga, na kila shoti inapobadilika mngurumo wa mashine unapanda au unashuka ghafla, kana kwamba mtu anachezea redio.

Katika tafakuri ya kwanza niliandika kwamba sauti iliharibiwa na kelele za soko. Mkufunzi aliirudisha akiwa ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba soko halikuwa mwanafunzi wake. Ilinibidi nianze upya, na safari hii nikakuta maamuzi matatu ambayo yote yalikuwa yetu.

La karibu zaidi ni kwamba hakuna aliyerekodi sauti ya mahali penyewe. Ingetosha watu wanyamaze na kinasa sauti kiachwe kifanye kazi dakika moja, ili mngurumo ule usiokatika utandazwe chini ya shoti zote wakati wa uhariri na kufunika viungo vyake. La pili ni kwamba maikrofoni ilikuwa imefungwa juu ya kamera, mita 3 hivi kutoka kwa mwigizaji. Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka mara mbili, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali mashine ya kusaga inabaki ikinguruma vilevile. Tungeisogeza maikrofoni hadi nusu mita, hata kwa kuificha ndani ya tenga la ndizi, maneno yangesikika. Lakini uamuzi mkubwa kuliko yote ulifanyika wiki sita kabla ya hapo, mezani, nilipoandika mazungumzo marefu kuliko yote ya filamu, ukurasa mmoja na nusu, na kuyaweka mahali penye kelele kuliko pote katika hadithi. Kosa lililosikika kwenye uhariri lilizaliwa kwenye skripti. Sentensi hiyo ndiyo iliyostahili kuwa kwenye tafakuri tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo pekee iliyobadilisha namna ninavyoandika.

Fanya vivyo hivyo kwa picha. Sisi tulipiga mazungumzo ya kijana na dereva wa bodaboda saa 1 asubuhi, Mlima Kilimanjaro ukiwa wazi nyuma ya bega la kijana, kisha tukarudi saa 5 kurudia mistari miwili aliyoikosea, wakati mawingu yameshaufunika. Mlima wa mita 5,895 unapoyeyuka na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, hakuna anayesikiliza tena habari za nauli. Mtu angeweza kuyalaumu mawingu, lakini hakuna mkazi wa Moshi asiyejua tabia za mlima ule. Kilichokosekana ni ratiba iliyopangwa kwa kuangalia anga, badala ya kuangalia mwigizaji gani anawahi kuondoka.

Kuna kasoro ambazo hazistahili zaidi ya mstari mmoja. Picha zetu za dukani zilikuwa zikipwitapwita chini ya taa ya tyubu, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, taa za aina hiyo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, nasi tulikuwa tumeiacha shata ya simu, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, kwenye 1/60 ya sekunde badala ya 1/50 au 1/100. Kosa la mpangilio wa kifaa ukishalijua umelimaliza, na kuliandikia ukurasa mzima ni kuyakimbia yale yanayouma.

Ubora nao unataka ushahidi

Ajabu ni kwamba wanafunzi wengi huandika vizuri zaidi kuhusu makosa yao kuliko kuhusu mafanikio yao. Ubora huachwa na sifa tupu: uigizaji ulivutia, mandhari yalipendeza. Swali la kujiuliza ni hili: jambo hilo lilitokana na uamuzi au na bahati, na kama ni bahati, ni nani aliyeiacha ibaki ndani ya filamu?

Katika skripti yangu bibi alitakiwa kutoa nauli kutoka kwenye mkoba. Mama aliyeigiza nafasi hiyo, ambaye hakuwa mwigizaji, aliukataa mkoba ule akisema hajawahi kumiliki kitu cha namna hiyo. Akaushika upindo wa khanga yake, akalifungua fundo kwa meno, akahesabu sarafu mara mbili, akampa kijana zake, na zilizobaki akazifunga tena. Yote hayo yalichukua sekunde 40 bila neno. Watazamaji walinyamaza hapo kuliko mahali pengine popote, nami nisingekuwa mkweli kama ningejiandikia sifa hiyo kuwa ni ya uongozaji wangu wa waigizaji. Nilichoweza kudai kwa haki ni vitu viwili vidogo: kwamba sikusimamisha kamera alipotoka nje ya skripti, na kwamba wakati wa uhariri nililikataa shauri la kupunguza zile sekunde 40 ziwe 10. Maandishi ya namna hii yanamfundisha mwandishi wake kitu cha kurudia, kwamba mtu asiye mwigizaji apewe kazi ya mikono anayoijua, kisha aachwe.

Kuwasikiliza watazamaji bila kuwauliza kama wamependa

Ukiwauliza ndugu na majirani kama filamu ni nzuri, watakujibu hongera sana, kwa kuwa wamelelewa vizuri. Waombe badala yake wakusimulie hadithi waliyoiona, na wakati wa kutazama kaa mahali ambapo unaziona nyuso zao, ukiandika dakika ambayo mkono wa mtu unakwenda kwenye simu. Watu wasiozidi kumi wanatosha, ilimradi wasiwe waliofanya kazi ya filamu hiyo.

Mimi niliwakalisha watu saba. Wanne kati yao walidhani bibi amefariki dunia, kwa sababu shoti ya mwisho ilionyesha kigoda chake kikiwa kitupu mara tu baada ya shoti ya chupa ya dawa. Nilikuwa nimekusudia kwamba amepona na amekwenda shambani. Mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba uso uleule wa mwigizaji husomwa kwa maana tofauti kutegemea picha iliyowekwa kando yake, nasi tulikuwa tumefundishwa jambo hilo darasani na kulijibu vizuri kwenye mtihani. Hata hivyo kigoda changu na chupa yangu ya dawa vilishaungana vichwani mwa watu bila idhini yangu. Katika hali kama hiyo usiandike kwamba watazamaji hawakuelewa. Andika ulichokusudia, walichokiona, na shoti mbili zilizosababisha tofauti.

Walicheka pia mahali ambapo hapakuwa na kichekesho, pale kijana anapomwambia dereva wa bodaboda, “Ndugu, tafadhali nipeleke sokoni kwa haraka.” Hakuna kijana wa Majengo anayezungumza hivyo, angesema, “Kaka, nitupe Mbuyuni, nina buku.” Chanzo chake kilikuwa rahisi kukipata: skripti haikuwahi kusomwa kwa sauti na mtu yeyote kabla ya siku ya kupiga picha.

Kuyaweka kwenye karatasi

Ukishakuwa na daftari lililojaa, chagua mambo machache. Kwa filamu ya dakika 10 hivi, ubora wa aina mbili na udhaifu wa aina tatu, kila mmoja ukiwa na aya yake ndefu, una thamani kuliko orodha ya vipengele 15. Anza na lile lililoigusa hadithi zaidi, hata kama si lile linaloonekana haraka. Taja dakika na sekunde ili msomaji aweze kwenda kuangalia. Neno changamoto lifute kila linapojitokeza na uandike kilichotokea, kwa sababu neno hilo limegeuka kuwa blanketi la kufunikia kila kitu.

Kazi ya kikundi ina mtego wake. Usiandike jina la mwenzako kando ya kosa; taja jukumu, kisha useme wewe ulikuwa wapi. Kama mpigapicha alivuka ule mstari wa kufikirika kati ya waigizaji wawili, ikaonekana kana kwamba wote wanatazama upande mmoja, mwongozaji alikuwa amesimama nyuma yake akiangalia skrini ileile. Uhaba wa fedha na vifaa nao utajwe mara moja, mwanzoni, kama mazingira ya kazi, kwani mkufunzi anajua mlikuwa na kamera moja. Anachotaka kusoma ni mliamua nini mkiwa nayo hiyo moja.

Usisahau mambo yasiyoonekana kwenye skrini. Kama mlipiga picha bila kibali, ilhali Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inakitaka, au mliweka wimbo wa msanii bila ruhusa wakati Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda, huo ni udhaifu wa filamu hata kama wimbo umekaa vizuri, maana filamu hiyo haiwezi kutoka nje ya darasa kwa usalama.

Malizia kwa kueleza onyesho moja utakalolipiga upya na namna utakavyolipiga, si kwa ahadi ya kujitahidi zaidi. Mimi nililichagua lile la sokoni. Miezi minne baadaye tulirudi Mbuyuni watu watatu, na ule ukurasa mmoja na nusu wa mazungumzo ulikuwa umebaki maneno manne. Mnunuzi anataja bei, kijana anatikisa kichwa, anainua tenga, anapiga hatua mbili, anarudi, analitua. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma palepale, nasi tukaiacha.