Kabla Hujapandisha Gari Lako Mau Summit

Januari ndiyo msimu wangu wa mavuno. Mimi ni fundi wa rejeta hapa Kisumu, upande wa Kibuye, na kila mwaka sherehe zikiisha, watu wanaorudi Nairobi kutoka ushago hunifikia kwa njia mbili. Wenye subira huja na gari siku moja kabla ya safari. Wengine hunipigia simu wakiwa kando ya barabara Kapsoit, bonneti iko juu, wakiuliza kama wanaweza kuimwagia injini maji baridi. (Usimwage. Tutafika hapo.)

Swali lao huwa moja: mbona lilikuja vizuri? Lilikuja vizuri kwa sababu kutoka Mau Summit hadi hapa lilikuwa linateremka, na ndani mlikuwa wawili na mabegi. Sasa mnarudi watano, na gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, na kuku wamefungwa miguu kule nyuma. Kisumu iko kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Kericho, kilomita 80 hivi kutoka hapa, iko karibu mita 2,000, na Mau Summit karibu mita 2,500. "Fundi, hili gari halijawahi kunisumbua hapa mjini," mwalimu mmoja aliniambia. Nikamuuliza, "Na hapa mjini, mwalimu, ukiondoa Riat, umewahi kulipandisha wapi?" Akacheka, akafungua bonneti.

Anza na kifuniko cha rejeta

Mtu wa Molo anajua kwamba maharagwe yanachelewa kuiva kwake kuliko Kisumu. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka mapema kabla hayajapata joto kamili. Hapa ziwani yanachemka kwenye digrii 96 hivi. Mau Summit ni digrii 92 hivi. Sasa injini ya kawaida hufanya kazi kati ya digrii 85 na 95, na ikibebeshwa mzigo inapita hapo. Kwa hiyo kule juu, maji yangekuwa yanatokota wakati injini haina ugonjwa wowote.

Kinachozuia hilo ni kile kifuniko. Ndani yake kuna springi inayofungia presha, na presha hiyo husogeza mahali pa kuchemka kwa zaidi ya digrii 20. Juu yake kumeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo presha kinayostahimili kabla ya kuachia. Kikichoka, rejeta inabaki kama sufuria isiyofunikwa. Nimeona watu wakibadilishiwa wota pampu, wakashushiwa silinda hedi, wakalipa maelfu, na kifuniko kile kile kikarudishwa juu ya rejeta. Hilo huniudhi kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Kikague mwenyewe asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Kifungue, kigeuze. Tazama sili ya mpira: ikiwa imekauka, imepasuka, au imechimbika mduara wa kina pale inapokalia shingo ya rejeta, tupa. Bonyeza springi kwa kidole gumba, inapaswa kukukatalia. Kisha tazama kile kisahani kidogo cha chuma katikati. Kivute taratibu kwa ukucha, ukiachie. Lazima kirudi chenyewe. Hiyo ndiyo vali inayoruhusu maji kurudi kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Ikikwama utaona mojawapo ya dalili hizi: asubuhi mpira wa juu wa rejeta umebonyea kana kwamba mtu ameunyonya, au chupa ya akiba imejaa hadi juu huku rejeta yenyewe imepungua.

Ukinunua kipya, nunua chenye namba ile ile. Kuna wanaotoa cha 0.9 na kuweka 1.1 wakidhani wameongeza nguvu. Presha ya ziada itatafuta mahali dhaifu, na kwa gari lililotoka Japani likiwa na miaka saba au minane tayari, mahali dhaifu ni zile tangi za plastiki za rejeta. Zinapasuka kwenye mshono, kwa kawaida mahali ambapo hakuna duka.

Maji, thamostati na feni

Rejeta inataka kulanti iliyochanganywa na maji safi, nusu kwa nusu. Maji matupu ya bomba yanaleta kutu, na kutu inaziba vile vijia vyembamba ndani. Mkononi utajua: injini ikishapata moto na kuzimwa, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta, bila kugusa feni. Pakiwa na sehemu yenye joto na nyingine baridi, pameziba.

Thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, ina kesi yake. Mafundi wengi wa huku huing'oa na kukwambia, "Kisumu ni joto, hii haina kazi." Usikubali. Katika injini nyingi za Toyota thamostati inafanya kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi. Mjini hutaona tofauti, ila mafuta yatakwenda zaidi kwa sababu injini haipati moto wake. Mlimani, sehemu ya maji moto inazunguka tu ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha kwa ajili ya ile ile dawa uliyopewa.

Feni: washa injini, washa AC. Feni ya umeme ianze kuzunguka. Kama haianzi, usisafiri.

Ukitaka kujua kama hedi gasketi (ile sili kati ya silinda hedi na injini) imeshakwenda, fungua rejeta ikiwa baridi, washa injini, tazama maji kwa dakika chache. Viputo vichache mwanzoni si neno, ni hewa inatoka. Vikizidi na haviishi, hasa ukikanyaga mafuta, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Wenye Subaru za injini ya EJ25 isiyo na turbo hawahitaji kuelezwa hili. Jirani yangu analo moja na tunaongea habari za gasketi kuliko tunavyoongea habari za watoto. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 pale Naivasha, anapanda nalo kwenda kutazama, limepambwa stika pande zote, na kila mwaka kabla hajaondoka mimi ndiye ninayelikagua.

Gari lisilo na geji ya joto

Vitz, Passo na wadogo wenzao wengi hawana mshale wa joto. Wana taa ya bluu injini ikiwa baridi, na taa nyekundu mambo yakishaharibika. Kati ya hizo mbili hujui lolote. Hata magari yenye mshale hayasemi ukweli wote, maana mshale umetengenezwa utulie katikati joto likipanda na kushuka kwa digrii nyingi, ili dereva asihangaike. Ukiuona umeanza kupita katikati, umechelewa tayari.

Dawa ni kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari, chini ya usukani, kinachozungumza na simu yako kwa bluetooth. Si ghali. Kinakuonyesha joto la maji kwa digrii. Lizoee gari lako kwanza: kama mjini linakaa 88 au 92, basi mlimani ukiona 100 na bado inapanda, punguza mwendo mapema.

Mlimani

Ahero hadi Awasi ni tambarare, furahia. Baada ya hapo, barabara ikianza kuinuka kuelekea Kapsoit na Kericho, usimfuate trela mgongoni. Unapokea moshi wake wa moto na hewa haiji mbele ya rejeta. Mwache aende mita hamsini au zaidi, au usubiri hadi uweze kumpita kwa halali.

Gari la gia za mkono, shuka gia mapema kabla injini haijaanza kulia. Gia ya juu kwa mwendo mdogo inazungusha wota pampu polepole huku silinda zikifanya kazi ngumu. Gari la otomatiki, bonyeza kitufe cha O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) hadi taa ya O/D OFF iwake, lisiwe linarukaruka kati ya gia mbili. Joto likipanda, zima AC, kisha fungua hita hadi mwisho na feni yake kwa nguvu zote. Mtatoka jasho, na mama mkwe atalalamika, lakini hita ni rejeta ya pili na inasaidia kweli.

Likichemsha kabisa, toka barabarani. Kama hakuna mvuke na taa nyekundu haijawaka, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta ili pampu na feni ziendelee kupooza. Kama mvuke unatoka au taa imewaka, zima. Usifungue kifuniko: yale maji yana zaidi ya digrii 100 na presha ndiyo inayoyazuia yasitokote, ukifungua yanakurukia usoni kwa mpigo. Subiri hadi uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuuachia, kisha tumia kitambaa kizito, zungusha robo tu, acha ipumue. Maji ongeza kidogo kidogo, injini ikiwa inaunguruma. Maji baridi kwenye chuma cha moto hupinda silinda hedi, na kuimwagia injini kwa nje hakusaidii lolote.

Chagua vizuri pa kusimama. Ingia kwenye kituo cha mafuta, au mahali pana mbali na lami. Pale makutano ya Londiani, Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo na kuua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakiuza, wakinunua au wakisubiri magari. Mimi viazi vya Londiani navipenda, lakini sisimami ukingoni kuvinunua.

Kuteremka Salgaa

Watu wanadhani Mau Summit ndiyo mwisho wa taabu. Kwa injini, ndiyo. Kwa breki ndiyo mwanzo, maana kutoka Sachangwan hadi Salgaa unateremka kwa muda mrefu, pamoja na malori.

Kuna imani kwamba ukiweka frii, yaani ukilitoa gari kwenye gia, unaokoa mafuta. Kwa gari la kisasa ni kinyume. Ukiliacha kwenye gia na kuondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta inafunga sindano za petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, inabidi injini ichome petroli ili isizime. Na umejinyima kitu kinachokushikilia, ukabaki na breki peke yake. Anayezima injini kabisa anazidisha: baada ya kukanyaga mara mbili tatu, pedo ya breki inakuwa ngumu kama ukuta, na usukani unakuwa mzito.

Kanuni yangu ni kuchagua gia kabla mteremko haujaanza. Ya mkono, tatu. Ukiwa na mzigo mkubwa, mbili. Otomatiki ya zamani, O/D OFF, na ikibidi 2. Zile za CVT, yaani otomatiki zisizo na hatua za gia, tafuta S au B. Injini italia kidogo, mwache alie. Kisha breki unaikanyaga kwa uthabiti, unapunguza mwendo, unaiachia kabisa ili ipoe, halafu unarudia. Anayeweka mguu juu ya pedo kidogo kidogo kutoka juu hadi chini ndiye anayefika Salgaa akinuka.

Na hapa kuna kitu ambacho karibu hakuna mteja anayeniulizia: mafuta ya breki. Yananyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na sisi wa ziwani unyevu tunao. DOT 3 mpya huchemka kwenye digrii 205 au zaidi. Ikishaingia unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) yanatoa mvuke, mvuke unabonyezeka, na pedo inazama hadi sakafuni. Breki zilikuwa nzima asubuhi, pedi bado nene, na gari halisimami. Badilisha mafuta hayo kila miaka miwili. Kama kwenye chupa yake yamekuwa ya kahawia, usingoje miaka.

Pedo ikianza kulegea ukiwa mteremkoni, ipige haraka haraka mara kadhaa kurudisha presha, shuka gia, tafuta pa kusimama. Ukishasimama usivute handibreki kwenye breki za moto. Weka P au gia ya kwanza na jiwe chini ya tairi. Usimwagie diski maji, zitapinda. Na ukikuta lori la mafuta limeanguka, endelea na safari bila kutazama mara mbili. Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea wakiwa wamelizunguka moja.

Ukifika Nakuru, kabla hujaagiza chai, zunguka gari na upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Zile mbili za mbele zitakuwa na joto kuliko za nyuma, ni kawaida. Unachotafuta ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa wa moto zaidi waziwazi, kalipa yake imekwama na pedi inasugua hata usipokanyaga. Mwambie fundi atoe zile pini zinazotelezesha kalipa, azisafishe na kuzipaka grisi ya breki. Haichukui hata saa nzima, na ifanyike hapo hapo Nakuru kabla hujashika njia ya Gilgil.