Turbo yako ya kwanza: nenda kaikague asubuhi, injini ikiwa ya baridi

Kuna swali naulizwa sana na vijana wanaotoka kwenye IST na Premio, kaka nimejichanga nataka kuingia kwenye gari ya turbo, nichukue ipi? Na kabla sijajibu wameshaanza kutaja nguvu za farasi, hii ina 280 ile ina 300. Mimi nauliza kitu kimoja tu, ukishailipia hiyo gari mfukoni unabaki na nini? Maana kununua turbo ya mkononi kwa hela yako yote ni sawa na kufanya harusi kubwa ukumbini halafu ukakosa nauli ya kumfikisha bibi harusi nyumbani. Tenga angalau robo ya bei ya gari, weka pembeni, usiiguse, itajigusa yenyewe ndani ya miezi mitatu.

Yangu ya kwanza ilikuwa Subaru Forester XT (XT ndo yenye turbo) ya bodi SG5, nyeusi. Jamaa aliniletea saa nane mchana ameshatembea nayo mjini, imechemka vizuri, akakanyaga mara mbili nikasikia ule mngurumo nikalegea magoti, nikalipa. Kesho yake asubuhi nawasha pale nyumbani, moshi wa bluu ukatoka hadi jirani akaacha kufagia akaniangalia. Sekunde kama ishirini hivi, halafu ukakata kabisa kama hakuna kilichotokea. Fundi alivyofungua bomba la hewa linalotoka kwenye turbo akaingiza kidole, kikatoka kimelowa oili, shafti ya turbo ukiivuta inakuja na kurudi, na oili ya injini yenyewe imegeuka lami. Aliyeniuzia alikuwa anajua vizuri tu, ndo maana alinipa miadi ya mchana. Sikumfuata, nilikuwa nimesaini mwenyewe.

Kwa hiyo somo langu kubwa liko hapa na nitakaa nalo kidogo. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja, moja inasukumwa na moshi wa injini nyingine inasukuma hewa kuingia ndani, na hiyo shafti inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika huku upande wa moshi uko kwenye joto la nyuzi 800 na kitu. Kinachoibeba ni utando mwembamba tu wa oili. Mtu akichelewesha oili, au akaweka ya bei chee, IST itamvumilia miaka, turbo haimvumilii, na haisemi siku hiyo hiyo, inakusubiri wewe mnunuzi. Ndo maana namba ya farasi kwenye tangazo haikusaidii kitu, unachotakiwa kujua ni aliyekuwa nayo alikuwa anaishi nayo vipi.

Mwambie muuzaji unakuja saa moja asubuhi na asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muulize kwa upole umeiwasha ya nini, na sikiliza jibu. Chomoa kijiti cha oili, angalia kiwango na rangi, nusa pia, ikinuka petroli kuna kitu. Simama nyuma ya ekzosi na mwenzio awashe. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usioisha na wenye harufu tamutamu ni maji ya rejeta yanaingia ndani, hapo fikiria gasketi ya silinda hedi. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, mara nyingi sensa au hewa inavuja njiani. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaopotea huo ni maji tu, usimkimbie mtu bure.

Iache iungurume yenyewe bila kukanyagwa dakika tano mpaka kumi halafu ikanyagwe kidogo, wewe ukiwa nyuma bado. Turbo yenye sili zilizochoka hupenda kujitaja hapo, kwa sababu ikiwa imetulia oili inajikusanya na ukikanyaga inatupwa nje yote.

Baadaye omba bomba la hewa lifunguliwe, kazi ya bisibisi tu hiyo. Unyevunyevu kidogo wa oili kwenye mabomba ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) ni kawaida, dimbwi si kawaida. Shika ncha ya shafti kwa vidole, ikicheza kidogo sana kushoto kulia sawa, ikitoka na kuingia ondoka. Angalia na ncha za feni, zikiwa zimemegeka maana yake kuna kitu kilipita, na kitu kikipita kwenye turbo kilienda wapi baada ya hapo? Ndani ya injini.

Kupima kompresheni (mgandamizo wa kila silinda) usiache hata muuzaji akinuna. Kwenye injini bapa za Subaru plagi ziko ubavuni zimebanana na bodi, fundi atalalamika na atakutoza zaidi, mlipe. Silinda moja ikisoma chini kuliko wenzake watatu ni bora uijue ukiwa bado na hela yako. Na kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (tundu la kusomea kompyuta ya gari) kinachoongea na simu kina bei ndogo, nunua chako, maana wapo wanaofuta makosa yaliyoandikwa kwenye kompyuta nusu saa kabla hujafika, ila mara nyingi kidude kitakuonyesha kama vipimo vya ndani vimefutwa juzijuzi.

Barabarani usikimbize. Nenda gia ya tatu, mzunguko 2,500 hivi, kanyaga polepole mpaka chini, nguvu inatakiwa ije kama wimbi moja. Ikikohoa, ikisita, ikivuta halafu ikaachia, inaweza kuwa koili ya plagi tu, inaweza kuwa bomba limepasuka, inaweza kuwa kubwa zaidi, wewe punguza bei au punguza hamu. Kata kona kali mpaka mwisho wa usukani kwenye uwanja, gari ya magurudumu manne ikiwa inajizuia kama imekamatwa breki ujue difu ya kati, au klachi yake kwenye oto, imechoka. Angalia tairi hapohapo, Subaru inataka tairi zote nne saizi moja na zilizolika kwa kulingana, mtu akifunga mbili mpya na mbili vipara anaua hiyo difu kimyakimya. Ukikuta tairi nne za kampuni nne umeshajua sevisi zilikuwaje.

Sasa gari zilizoguswa. Hapa nitagombana na watu, ila kama ni turbo yako ya kwanza tafuta iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Ile vali inayotoa "pshhh" kwa nje watu wanaipenda kufa, lakini Subaru hizi zinapima hewa mwanzoni kabla haijafika turbo, ukiimwaga nje kompyuta bado inahesabu ipo na inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Ukikuta gari imewekewa vali hiyo, na ekzosi imepanuliwa, na mwenyewe anasema imeflashiwa (programu ya kompyuta imebadilishwa) lakini hajui na nani, muachie. Kaimiliki stoki mwaka mmoja kwanza, baada ya hapo ukitaka kuichezea angalau utajua ilikuwaje ikiwa nzima.

Ipi sasa? Kwa Bongo naanza na hiyohiyo Forester XT ya SG5 iliyoniumiza. Injini ni EJ20 ya turbo, cc 1994, farasi 220 wakati dada yake isiyo na turbo ana karibu 140, mafundi wanaijua hata ukiwa Iringa, spea zipo Gerezani na Ilala, na ukienda Nairobi Kirinyaga Road zimejaa. Oto yake ni ya gia nne, ya kizamani, ndo inakunywa mafuta lakini ni ngumu kufa. Kuiagiza sasa hivi haina maana, TRA inatoza uchakavu kuanzia miaka 8 na zaidi ukipita 10, na Kenya hata kuingia haiingii ikizidi miaka 8, kwa hiyo hizi ni za kununua humuhumu kwa mtu, zenye usajili wa namba D na kurudi nyuma, ndo maana nimekazana na ukaguzi. Taiming belti muulize ilibadilishwa lini, akijibu "iko poa" hesabu haijabadilishwa, ni ya kila kilomita laki moja na ikikatika vali zinagongana na pistoni, injini imekwisha.

Na pua ya boneti (lile tundu la hewa juu yake) isikudanganye, boneti zinahamishwa. Fungua uone intakula imelala juu ya injini kwa macho yako.

Legacy GT ya BP5, oto farasi 260 manyuo 280, ni gari tamu kuliko Forester na inashika barabara, ila wanaoifuata mlio watashangaa, mabomba yake ya ekzosi yana urefu sawa kwa ajili ya turbo yake ya njia mbili kwa hiyo haingurumi kama XT, ule mngurumo unatokana na mabomba yasiyolingana. Na kwenye EJ nyingi za miaka hiyo njia ya oili ya kwenda turbo ina boliti yenye kichujio cha wavu ndani, kidogo kama ncha ya kidole, kikiziba na uchafu turbo inakufa kiu huku geji ya oili iko sawa. Muulize fundi wako anakijua. Akikuuliza kichujio gani, tafuta mwingine.

Ukiwa na hela zaidi Forester XT ya SJG ya kuanzia mwisho wa 2012, injini FA20, farasi 280, hii ina cheni badala ya belti, ila ni CVT (oto isiyo na gia za hatua), na inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa hiyo vali za kuingiza hewa zinajenga masizi. CVT ikiwa inavuma au inasita mapema asubuhi achana nayo, kuibadilisha ni hela ya IST nzima. Kwa mtu wa kawaida kabisa anayetaka kuonja turbo bila presha mimi nampeleka kwenye Subaru Levorg ya 1.6, farasi 170 tu, watu wataicheka, lakini hata Japan ilitengenezwa kunywa petroli ya kawaida na hiyo ni nafuu kubwa huku kwetu, nitaeleza.

Golf GTI ni gari safi sana na nani atakuambia vinginevyo, ila uwe na fundi wa magari ya Ujerumani siyo fundi wa kila kitu. Ya kizazi cha tano angalia kifuatio cha pampu ya petroli kinachosuguana na kemshafti, ya sita sikiliza cheni ikiwashwa ya baridi, na DSG (oto yake ya klachi mbili) ya gia sita oili yake ni kila kilomita 60,000, siyo "haibadilishwi".

Toyota Chaser na Mark II za JZX100, injini 1JZ, najua roho inataka. Ni za 1996 mpaka 2001, zilizobaki nyingi zimechomwa matairi na drifti au bei imepaa. Mitsubishi Evo na Subaru STI ziache ziwe za pili.

Kuhusu mafuta, gari nyingi za turbo za Japan zilipangwa kunywa haioku (petroli ya daraja la juu) ya kule, oktani yake, yaani kipimo cha kuhimili kunoki, huwa 100, na petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki huko. Kompyuta ikisikia injini inanoki (petroli inajilipukia yenyewe ndani ya silinda) inachelewesha cheche za plagi, ndo maana gari ya farasi 280 kwenye karatasi huku inakosa baadhi ya hao farasi. Tumia oktani ya juu kabisa unayoipata, jaza kituo kinachouza sana, na ukisikia mlio kama changarawe kwenye kopo ukiwa umekanyaga kwenye mlima, achia. Kitonga ndo mtihani wenyewe, unapanda nyuma ya lori joto liko juu, turbo inafanya kazi kufidia hewa nyepesi ya huko juu. Raha ya turbo ndo iko hapo, gari isiyo nayo inachoka kadri unavyopanda, yako inavuta tu. Lakini uovateki unapoona, siyo unapojisikia.

Ukishainunua, wiki ya kwanza mwaga kila kitu, oili ya injini, ya gia boksi, za difu, maji ya rejeta, plagi mpya, hata kama umeambiwa juzi tu imefanyiwa. Oili sinthetiki kila kilomita 5,000, na pima kijiti kila ukijaza tenki kwa sababu EJ hupenda kuonja kidogo. Ukitoka safari ndefu kilomita mbili tatu za mwisho nenda taratibu halafu zima. Turbo taima (kidude cha kuiacha injini iungurume kidogo kabla haijazima) sio lazima, turbo za Subaru zina maji yanayoendelea kuzunguka yenyewe baada ya kuzima, ila kushuka na 140 halafu ukazima getini papo hapo, hapana.

Ile XT nyeusi nilikuja kuiuza, imeshawekwa turbo nyingine na risiti zote kwenye bahasha. Mnunuzi akapiga simu akasema anakuja saa moja asubuhi nisiiwashe. Akafika, hakusema kitu, akaweka kiganja kwenye boneti. Nikajua huyu naye alishaumizwa na mtu wa saa nane mchana.