Jinsi ya kuwajibu walimu na wasomaji wa riwaya yako

Riwaya ikishaingia darasani, barua zitakuja. Nyingine kwa WhatsApp, nyingine kwa baruapepe, na zile ninazozipenda kuliko zote huja ndani ya bahasha moja ya kaki: karatasi za daftari, kila moja na anwani yake juu kulia kama walivyofundishwa, na shikamoo kabla ya neno lolote. Anzia hapo. Itikia. "Marahaba mwanangu, mimi ni mzima." Mtoto aliyekuandikia kwa adabu usimpokee kwa mhadhara wa fasihi.

Usijibu siku hiyohiyo. Soma zote kwanza, kalamu mkononi, uone swali linalojirudia. Kwangu ni furushi. Katika riwaya yangu kuna mama muuza samaki wa Feri anayepanda pantoni ya mwisho kwenda Kigamboni amekumbatia furushi, na sikusema mna nini ndani. Wanafunzi wanataka kujua. Mwalimu mmoja wa Mbagala aliniuliza, kwa upole kabisa, kama furushi lile ni ishara ya ukoloni mamboleo, maana kidato cha nne wana mtihani Novemba.

Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Ukiandika "ndiyo", darasa zima litakariri kwamba mwandishi mwenyewe kasema, na kitabu hakifunguliwi tena. Ukiandika "hapana", umemvunjia mwalimu heshima mbele ya wanafunzi wake, naye ndiye aliyewatia kitabu chako mikononi. Mpe kile ambacho hakimo kitabuni: tukio lilivyozaliwa. Nilimweleza mwalimu yule kwamba nilimwona mama wa namna hiyo pale Feri, jua linazama, abiria wanamsogezea nafasi atue mzigo, naye hataki. Nikamweleza pia kwamba katika rasimu ya kwanza furushi lilifunguliwa, nami nikaifuta sura ile, kwa kuwa likishafunguliwa hakuna anayemtazama tena yule mama. Kisha nikapendekeza kazi ya darasa: walinganishe pale anapokataa kulitua furushi na pale anapokubali mjukuu wake alishike. Dhamira wataitaja wao, tena wakiwa na mifano ya kuithibitisha kwenye karatasi ya mtihani.

Majibu ya wanafunzi yapitie kwa mwalimu. Hili silegezi. Usimpe mwanafunzi namba yako ya simu, hata akikuomba umsomee mashairi yake; mashairi nayo yaje na mwalimu wake. Andika barua moja kwa darasa zima, halafu chini yake mstari mmoja kwa kila aliyeuliza la peke yake, umtaje kwa jina. Karatasi ikifika, mstari huo ndio kila mmoja atakaoutafuta kwanza.

Wasomaji wa mitaani ni wepesi zaidi. Anayesifu, mshukuru, umuulize ni mhusika gani aliyemkaa moyoni. Anayedhani umemwandika yeye, mjibu kwa sentensi mbili za heshima na uishie hapo. Anayesahihisha mthamini kuliko wote. Mzee wa Kigamboni akikuambia kwamba mhusika wako wa mwaka 2010 hawezi kuvuka bahari kwa daraja, kwa sababu daraja lilifunguliwa 2016, mpe asante ya dhati, kisha andika ukurasa ule kwenye daftari la marekebisho ya toleo lijalo.

Na tunza nakala ya kila jibu. Barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, zilihifadhiwa. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Mlimani ikazichapisha, na leo tunazisoma, kuanzia za 1931 hadi za 1958. Juu ya nakala yako andika tarehe na toleo la kitabu mlilokuwa mkilizungumzia. Kitabu kikichapwa upya namba za kurasa huhama, na mwalimu wa mwakani atakuuliza swali lilelile la furushi akiwa na toleo jingine.